Duka Lililodhaniwa Nyumba

Froukje Wiarda alikuwa na haya kiasi kwamba mtu akimpigia simu kwa kukosea namba, yeye ndiye aliyeomba radhi. Ndiyo maana mama yake alishika kichwa aliposikia kwamba binti anafungua duka.

"Froukje wangu, mwenye duka si anaongea na watu?"

"Si lazima, mama. Vitu vitajisemea."

Kweli vilijisemea, ila vilisema mambo mengine kabisa.

Duka lilikuwa katika mji mdogo wa Harkezijl, huko Friesland, kaskazini mwa Uholanzi, kando ya mfereji, kwenye nyumba iliyokuwa karakana ya fundi baiskeli. Chuoni Froukje alisomea upambaji wa nyumba, akafundishwa kwamba mteja hanunui kiti, hununua maisha. Basi dirishani hakupanga bidhaa kama mtu anayepanga samaki. Alipanga maisha: kochi la rangi ya haradali, blanketi la sufu lililotupwa kana kwamba mtu kainuka sasa hivi, taa ya kusimama, kitabu kilichofunguliwa, na vikombe viwili, kimoja kikiwa na kahawa nusu. Kahawa hiyo aliibadilisha kila asubuhi ili ionekane ya leo.

Sasa, watu wa Harkezijl hawafungi mapazia. Madirisha yao ni mapana, taa zinawaka, sebule iko wazi kwa kila apitaye. Lakini kuwa wazi si kukaribishwa. Mpita njia hutazama mbele, na jicho likimponyoka likaingia ndani, hupunga mkono upesi na kuendelea na safari. Kusimama ukakodolea macho sebule ya mtu ni kukosa malezi.

Basi watu wakampungia Froukje mkono, mji mzima, asubuhi na jioni. Naye, aliyekuwa ameketi kwenye kochi akingoja wateja, akawapungia pia. Angefanyaje?

Bi Jikke wa nyumba ya ng'ambo alivuka daraja akaja na ua kwenye chungu.

"Hongera kwa nyumba mpya, mwanangu! Eh, umepamba! Siingii, siingii, najua hujamaliza kupanga."

"Bi Jikke, kwa kweli hapa ni..."

"Hata usinibembeleze, siingii!" Akamwachia ua mlangoni, akarudi kwake.

Mwenye jengo alikuwa Bi Tetje, mjane wa yule fundi baiskeli, mwanamke asiyeremba maneno. Alikuja akasimama katikati ya zulia, akatazama huku na huku.

"Sikiliza, binti. Kuna daktari wa meno analitaka jengo hili. Wewe nilikupa kwa sababu una macho kama ya ndama wetu aliyekufa. Lakini ikifika sikukuu ya Mtakatifu Nikolasi, mwanzoni mwa Desemba, nataka kukuta watu humu ndani. Usinionyeshe hesabu, sizitaki. Nitasimama mlangoni na macho yangu. Nikikuta patupu, anaingia wa meno."

Usiku huo Froukje hakulala. Alikuwa ameyaota maisha haya tangu utotoni, alipokuwa akiwapangia wanasesere vyumba ndani ya maboksi ya viatu. Kurudisha makochi yake nyumbani, kwa mama aliyeshika kichwa, asingeweza.

Akanunua herufi kubwa za mbao, akazisimamisha dirishani: DUKA.

Kesho yake kioo kikagongwa. Alikuwa Bwana Wiebren, dereva mstaafu wa lori la maziwa. Moyo wa Froukje ukaruka.

"Binti, herufi hizi nzuri! Umezipata wapi? Mke wangu anataka kama hizi. Yeye anataka UPENDO, lakini DUKA nayo ina utani wake. Nimecheka peke yangu."

Na hakuwa na kosa. Kila dirisha la barabara ile lilikuwa na neno lake: NYUMBANI, FURAHA, AMANI. Nyumba moja iliandika BAHARI, na bahari haionekani hata ukipanda mnara wa kanisa. Kati ya maneno hayo, DUKA halikumshtua yeyote.

Froukje alitaka kusema, "Nauza." Mdomo ukafunguka, ukabaki wazi. Bwana Wiebren, mtu muungwana, akadhani anataka kupiga chafya, akamtakia afya njema, akaenda zake.

Akaning'iniza vikaratasi vya bei kwenye kila kitu. Bi Jikke akavuka tena daraja, safari hii akinong'ona.

"Mwanangu, umesahau kutoa bei. Watu wataona umetumia kiasi gani. Mimi sikusoma, nimefumba macho. Ila kwa lile kochi walikupiga."

Mwisho akatundika kamba za bendera ndogo za karatasi, kwa kuwa nazo alikuwa anaziuza. Hilo ndilo lililomponza. Mtu wa huko akiona bendera sebuleni anajua jambo moja tu: leo kuna mtu anasherehekea siku ya kuzaliwa. Alasiri mlango ukafunguka, wakaingia Bi Jikke, Bwana Wiebren na mkewe, mwalimu, muoka mikate, wote wakiwa na zawadi. Wakavuta viti wakavipanga duara, wakapeana mikono kila mtu na mwenzake, kama ilivyo desturi ya huko. "Hongera kwa Froukje!" "Na wewe pia hongera kwa Froukje!" Keki ikakatwa, ile ya maganda ya machungwa yenye sukari ya waridi juu. Bi Jikke akamkabidhi chombo cha maua alichokinunua katika duka la mapambo la mji wa jirani.

"Una viti vingi, wewe!" alisema Bwana Wiebren akijinyoosha. "Kwetu siku kama hii tunaazima kanisani."

Froukje akapuliza mshumaa. Alizaliwa Mei, na huo ulikuwa mwisho wa Novemba.

Asubuhi, siku moja kabla ya sikukuu, alikaa kwenye kochi, machozi yakaanza kumtoka. Na hata katika kulia watu wakawa wanampungia! Hapo akafanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya katika barabara ile. Alichukua pazia zito la buluu kutoka rafuni, akalitundika, akalifunga. Saa nne asubuhi, mchana kweupe.

Barabara ikasimama. Sebule iliyo wazi hawaitazami, lakini iliyofungwa nani ataacha kuitazama? Baiskeli zikaegemezwa ukutani. Huyu akasema amekufa, yule akasema amepata mume, mwingine akasema mume huyo ndiye aliyekufa. Bwana Wiebren akaja na ngazi. Bi Jikke akapiga kengele bila kuondoa kidole.

Froukje akafungua, macho mekundu, nao wakajazana ndani mpaka kwenye zulia.

"Nani kafa?" aliuliza Bi Jikke.

"Duka," alisema Froukje. Kisha maneno yakatoka yenyewe, kama maji yaliyofunguliwa bomba. "Hapa ni duka! Halijawahi kuwa nyumba. Mimi siishi hapa, naishi kwa mama. Kochi linauzwa, taa inauzwa, zulia mnalokanyaga linauzwa, na pazia hili pia linauzwa!"

Mtu mmoja akatoka juu ya zulia taratibu.

"Na siku ya kuzaliwa?" aliuliza Bwana Wiebren.

"Ni Mei."

"Kwa hiyo," alisema Bi Jikke, "mimi nilinunua chombo kwenye duka la watu nikakuletea dukani kwako, nawe ukasema asante?"

"Kilikuwa kizuri, Bi Jikke."

"Kibaya mno! Nilikipata kwa bei ya kutupa. Wewe mtoto, ulimi wako ulikuwa wapi siku zote hizi?" Akampita, akaenda moja kwa moja hadi kwenye kiti cha ngozi. "Hiki nilikikalia siku ile, mgongo ukanyamaza mpaka leo. Nakichukua."

Akalipa. Bwana Wiebren akakiinua kiti begani.

"Wee! Unakipeleka wapi?"

"Si kwako?"

"Kwangu kumejaa, kitakaa wapi? Halafu mbali na ile taa hakitapendeza. Kirudishe palepale. Nitakuwa nakuja kukikalia."

Bwana Wiebren akafikiri, akainunua ile taa kwa masharti hayohayo. Mwalimu akachukua zulia, muoka mikate akachukua kochi. Hadi jioni kila kitu kilikuwa kimeuzwa, na hakuna hata kimoja kilichotoka mlangoni.

Siku ya sikukuu Bi Tetje alifika, akasimama mlangoni na macho yake. Duara lilikuwa limejaa, kahawa inafuka.

"Hawa ndio wateja?"

"Sisi ni wenye mali," alijibu Bi Jikke. "Futa miguu, Tetje. Zulia la mwalimu hilo."

Bi Tetje akafuta miguu. Akatazama watu, mmoja baada ya mwingine, halafu akatafuta pa kukaa, hakupaona. Froukje mwenyewe alikuwa amesimama.

"Nami nikae wapi?"

"Vyote vina wenyewe, Bi Tetje," alisema Froukje, na safari hii hakuomba radhi. "Lakini nitakuagizia. Unapenda chenye mikono au kisicho na mikono?"

Bi Tetje alifikiri kidogo.

"Chenye mikono. Na ukiweke dirishani, yule wa meno akipita nimpungie."