Kibisi na Mfereji

Maji yalinifika mapajani. Nilikuwa nimeketi kwenye kiti cha plastiki ndani ya kinamasi, na mbele yangu katapila lilikuwa likinguruma. Msimamizi wa ujenzi alinifokea kutoka ukingoni, uso umemwiva. Nilikuwa nimeshasema vya kutosha.

Dirisha la chumba changu cha kushonea lilitazama kinamasi kile. Kila nilipoinua macho kutoka kwenye cherehani niliwaona vibisi, ndege wadogo wa kahawia wanaojenga viota vinavyoelea. Kabla ya kuleta mashine ya kuchimba mfereji wa kukausha maji, msimamizi alipita kukagua. Akaona marundo ya majani yaliyooza, akatangaza kwamba hakuna kiota. Angekionaje? Kibisi akisikia mtu anakuja, huyafunika mayai yake kwa majani, akazama.

"Zimeni mashine, mkae kimya, mtaona," niliwaambia asubuhi ile.

Dereva alikuwa mume wa dada yangu. Alizima kabla hajaruhusiwa. Tukasubiri. Kibisi akaibuka, akapanda rundo, akayaondoa majani kwa mdomo, moja moja, mpaka mayai yakawa wazi.

"Haya, nimeona," msimamizi akasema. "Ni ndege tu. Chimba."

Hapo damu ikanichemka. Angekuwa hajui, ningemsamehe. Niliingia ndani, nikabeba kiti, nikashuka nacho majini, nikakaa kati ya mashine na kiota.

Shemeji akachungulia kutoka juu. "Shemeji, toka basi. Utapata homa."

"Chimba ukitaka."

Akamgeukia msimamizi. "Bosi, huyu simgusi. Jioni nitakula wapi mimi?"

Msimamizi akaapa kumfukuza kazi. Shemeji akakuna kichwa, akakanyaga mafuta, na mimi nikaogopa kwelikweli, lakini sikusogea. Mkono wa katapila ukainuka, ukanipita, ukashuka pembeni. Akaanza kuchimba kwa kunizunguka.

Mayai yale yalianguliwa. Mfereji upo hadi leo, umenyooka kutoka barabarani mpaka mtoni, isipokuwa mbele ya dirisha langu, ambapo unapinda kama kiwiko, na upande wa ndani maji hayajakauka. Kila mhandisi mpya huja kuniuliza palikuwa na nini hapo, mwamba au bomba.

"Nilikuwa nimekaa," humwambia, kisha naendelea kushona.