Posti Isiyo na Mtu

Ngozi ya vidole vya Mama Povu ilikuwa inabanduka kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Aligusa simu ifunguke, simu ikamkana. Alama za vidole zilishaliwa na dawa ya kufulia. Ikabidi abonyeze namba ya siri kwa kifundo cha kidole.

"Andika sisi," alisema mwenzake, akikandamiza shuka lenye damu ndani ya beseni. "Sisi wafuaji wa hospitali. Tunafua matapishi kwa mikono mitupu, glavu zimefungiwa stoo eti zisichakae. Usitaje mtu."

"Sasa mwandishi awe nani?"

"Harufu. Hiyo hawawezi kuifukuza kazi."

Wakacheka wote, kisha wakakohoa wote.

Wakaituma posti kwenye ukurasa uliokusanya blogu za mtaa, uliosomwa na kila mtu, hata wale waliojidai hawausomi. Mhariri wake akapiga simu mchana uleule.

"Dada yangu, makala yenu imenitoa machozi! Ila hatupokei posti isiyo na mtu. Ndiyo kanuni. Nataka jina moja na picha ya uso."

"Kaka, tumeandika wengi."

"'Wengi' hana uso. Nitajuaje kama si umbea?"

"Njoo unuse."

Mhariri alicheka sana, akasema ana kikao.

Mama Povu aliwatazama wenzake. Mmoja kucha zilikuwa zimemng'oka, usaha umelowesha kitambaa alichojifunga. Hakuna aliyeinua macho. Basi akajipiga picha yeye, akatabasamu kidogo, maana ndivyo watu wanavyopigwa picha.

Asubuhi hakufunguliwa geti la hospitali.

"Umetoka vizuri, mama," alisema mlinzi. "Mpaka bosi kakuchapisha."

Uso wake ulikuwa umebandikwa kwenye kioo cha kibanda. Chini yake: ASIINGIE.

Akafungua ule ukurasa. Juu ya posti yake kulikuwa na nyingine mpya: glavu zipo tele, anayesema vingine ni mchochezi. Pale penye picha ya mwandishi paliwekwa nembo ya hospitali. Jina: Uongozi.

Akampigia mhariri palepale.

"Kaka, huyu Uongozi ni nani? Mbona hana uso?"

"Uongozi si mtu, dada. Ni Uongozi."

"Na ile kanuni?"

"Kanuni ni ya watu."

Simu ikakatika. Kioo kilikuwa na umande, na kona ya karatasi ilianza kujikunja. Mlinzi akalamba kidole gumba, akampaka mate kwenye paji la uso pale pichani, akakandamiza mpaka karatasi ikashika.