Pengo Kwenye Kisu cha Mullo Amnun

Basi lilikuwa limeshapita kiwanda cha pamba, na vumbi limeshawafunika waliokuwa wakipunga mikono, lakini Mullo Amnun alikuwa bado ametoa kichwa dirishani kama mtoto. Mkewe Bulor alimvuta shati akamwambia aketi, dereva asije akasimulia mji mzima kwamba mullo alilia. Amnun akaketi, akajipangusa macho kwa ncha ya joho.

Mullo ndivyo Wayahudi wa Kattakurgan walivyomwita rabi wao. Huyu alikuwa rabi, mwalimu wa watoto, mwosha maiti, msuluhishi wa wanandoa na mchinjaji, maana jumuiya ndogo kama ile haiwezi kulisha watu watano kwa kazi tano. Enzi za Wasovieti, dini ilipokatazwa, alichinja kuku bafuni, maji yakifunguliwa yapige kelele. Sasa dola ile ilikuwa imevunjika, njia ikafunguka, na Wayahudi wa mji walikuwa wakihamia Israeli ukoo baada ya ukoo. Basi lile lilibeba ukoo wa Nerio, muuza vitambaa, pamoja na mullo na mkewe, kuelekea Tashkent kupanda ndege. Nyuma walibaki wachache tu: Pinkhas kinyozi na mama yake mgonjwa, na nyumba nyingine mbili tatu ambazo karatasi zao za kuhamia zilikuwa hazijatoka.

Jana yake Nerio aliwaaga watu kwa karamu. Alinunua kondoo dume mwenye mkia mzito wa mafuta, Amnun akamchinja uani, na Wayahudi wote waliosalia mjini wakala hadi wakalegeza mikanda. Waliobaki walirudi makwao na masufuria ya nyama. Iliyozidi wanawake waliikaanga, wakaifunika kwa mafuta yake, wakaipakia kwa ajili ya safari.

Walipoiacha Samarkand nyuma yao, Amnun alitafuta kitu cha kushughulisha mikono. Akafungua mkoba, akatoa kisu chake cha kuchinjia na kichupa cha mafuta. Kabla ya kukipaka alipitisha makali juu ya ukucha, kwenda na kurudi, bila hata kutazama, kama mtu anavyojikuna. Karibu na ncha ukucha ulikwama.

Akarudia polepole. Ukakwama tena. Lilikuwa pengo dogo ambalo jicho lisingeliona, lakini ukucha hauongopi.

Sheria yao katika hilo haina huruma. Kisu hukaguliwa kabla ya kuchinja, na hukaguliwa tena baada ya kuchinja. Kikionekana na pengo baadaye, mnyama ni kibudu, na vyungu alimopikwa vimenajisika pamoja naye. Mwanya uko mmoja tu: ikiwa kisu kiligonga mfupa baada ya koo kwisha kukatwa, lawama hutupiwa mfupa na nyama inabaki halali.

Amnun alijua vizuri kwamba kisu chake hakikugusa mfupa. Kondoo alichunwa na kukatwakatwa na jirani wa Nerio, kwa shoka lake mwenyewe. Alijua pia kwa nini hakukikagua. Mkwe wa Nerio alikuja kutoka Tashkent na kamera ya video, na damu ilipokuwa bado inachuruzika alisema, mullo, geuka huku, tabasamu, watu wa Israeli wakuone. Amnun alikuwa amevaa joho lake la sikukuu kwa ajili ya kamera hiyohiyo. Akapangusa kisu, akakirudisha alani, akatabasamu. Hata kuku mmoja wa mjane asiye na kitu alikuwa hamchinji bila kukikagua kisu baadaye. Jana hakukikagua. Alikuwa anapigwa picha.

Alipoinua macho alimkuta Bibi Zulai, shangazi yake Nerio, akimtazama kutoka kiti cha pili. Baba yake Zulai alikuwa mchinjaji, na mchezo wa ukucha aliujua tangu utotoni. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, alipofanya kazi kiwandani na mchinjaji wa mji yuko jela, bibi huyu hakugusa nyama miaka yote ile. Alikula mkate na kitunguu, wenzake wakimcheka kwamba atageuka mbuzi.

"Mullo," alisema kwa sauti ya chini, "kina pengo?"

"Kidogo."

Bibi akafikiri. "Labda ulikatia mfupa. Baada ya kuchinja."

Alisema hivyo kwa upole, kama mtu anayekukaribisha kiti kwa kuona umechoka. Amnun akakikalia.

"Ndiyo," akasema. "Mfupa."

Bibi Zulai akamshukuru Mungu, akarudia kusinzia. Amnun akafunga mkoba. Bulor akamuuliza mbona amepauka, akajibu ni basi. Miaka mingapi alikuwa amewatisha watoto wa watu kuhusu ulimi wa uongo! Na uongo wake mwenyewe ulikuwa umetoka laini, hata hakujikwaa.

Mchana dereva, Mwuzbeki aitwaye Hikmat, alisimamisha basi penye miti ya mipopla kando ya mfereji. Wanawake wakatandika kitambaa, wakapanga mikate, nyanya na tikiti lililokatwa, kisha wakafungua chungu. Harufu ya bizari ikapanda. Watoto hawakungoja mtu. Walinyakua nyama na kukimbilia majini huku wakitafuna, na Hikmat naye akajikatia kipande, akisema nauli haijumuishi njaa.

Wakubwa walimngoja mullo. Amnun akanawa, akaubariki mkate, akala kipande. Hapo Bibi Zulai akachagua nofu nono kuliko zote, akaiweka juu ya mkate wa Amnun kwa mkono wake mwenyewe.

"Kula wewe kwanza, mullo. Tumekula kwa mkono wako miaka yote hii, leo kula kwa mkono wangu."

Naye akashika kipande chake, akangoja.

Amnun aliinua nyama hadi karibu na ndevu. Mkono ukagoma. Kusema uongo aliweza, kumeza hakuweza. Alimwona yule bibi ameinua nyama yake vilevile, mdomo umeanza kufunguka, akifuata tu mkono wa mullo wake.

"Ishushe, Bibi Zulai," akasema. "Hapakuwa na mfupa."

"Unasemaje?"

"Sikukata mfupa wowote. Nilikudanganya. Kisu kina pengo na jana sikukikagua. Kondoo yule ni kibudu."

Mama mmoja akaenda mferejini kuwafungua watoto midomo kwa kidole. Nerio alikuwa mwekundu hadi masikioni.

"Yaani mimi nimelisha mji mzima kibudu?" akasema. "Karamu yangu? Wewe mzee umenivua nguo mbele ya watu."

"Nimejivua mwenyewe, Nerio. Wewe hukuwa na kosa."

"Na mimi je?" aliuliza Hikmat, shavu limejaa. "Nimeze au niteme?"

"Kwenu Waislamu sijui. Kamuulize imamu wenu."

"Yuko mbali," alisema Hikmat, akameza.

Mtu mmoja alicheka, akanyamaza kwa haraka. Bibi Zulai alikuwa amerudisha nyama chunguni na anafuta vidole kimoja kimoja. Amnun alingoja amlaani, angepata nafuu. Lakini yule bibi alisema tu:

"Jana nilikula vipande viwili. Vilikuwa vitamu."

Amnun akainamisha kichwa. Hapo ndipo wazo jingine lilipomjia, zito kuliko la kwanza. Masufuria. Pinkhas alikuwa amembebea mama yake mchuzi. Nyumba zile nyingine nazo zilikuwa na nyama jikoni, wangepika wakala kesho na keshokutwa, na hapakuwa na mullo tena mjini wa kuwaambia.

Alipomweleza Nerio, alitulizwa kama mtoto mwenye homa. Ndege haitangoja. Watu wale hawajui, na asiyejua hana dhambi. Akifika Tashkent apige simu. Amnun alijaribu kufikiria akimtangazia Pinkhas jambo hili katika simu ya posta, laini ikikoroma, na watu kwenye foleni wakimsikiliza. Kwa kweli alitamani iwe hivyo, asiwaone uso. Kwa sababu alitamani, akajua haifai.

"Nitarudi," alimwambia Bulor.

"Kwa joho hili la sikukuu? Utapanda nini?"

"Lori lolote."

"Umeshindwa kusema ukweli kwenye kivuli cha basi, utausema huko juani?" Kisha macho yake yakalegea. "Chukua mkate. Tikiti usile, tumbo lako nalijua."

Alichukua mkate na mkoba wa kisu. Kupita kati ya wale watu kulimchukua muda mrefu, ingawa walikuwa wachache na wote wakimpisha. Hakuna aliyempa mkono, naye hakuunyoosha wake. Nyuma yake alisikia chungu kikimwagwa kichakani.

Lori la matikiti lilimshusha Kattakurgan kabla ya machweo. Alianza kwa Pinkhas. Mama yake Pinkhas alikuwa ameketi kitandani na bakuli mapajani, akamfurahia sana, akadhani amekuja kumwombea. Amnun alisimama mlangoni, hakuvua kofia, akasema yote: pengo, kamera, uongo. Kikongwe alisikiliza, kisha akamuuliza kama mchuzi nao umo. Amnun akasema umo. Kikongwe akampa bakuli.

Siku zilizofuata Amnun alikoka moto katika ua wa kila nyumba, akachemsha maji na kutakasa masufuria mbele ya wenyewe. Vyungu vya udongo, ambavyo havitakasiki, alivivunja na kulipa.

Nerio alifika Israeli, akafungua duka la vitambaa Ramla. Jina la Amnun hakutaka litajwe mezani kwake. Bibi Zulai aliishi kwa mpwa wake huyo hadi kufa. Nyama hakuila tena, na akiulizwa alisema meno hayamruhusu. Hikmat aliuza basi lake, akalima nyanya. Mama yake Pinkhas alifariki kabla ya majira ya baridi, akaoshwa na kuzikwa na Amnun. Mwanawe akahamia New York, akaendelea kunyoa watu. Bulor alingoja huko Israeli, kwa binti yake, mwaka na zaidi, kisha akarudi Kattakurgan akilalamikia joto la Ramla. Mumewe hakushika kisu cha kuchinjia tena, wakala samaki na mayai. Jamaa za mwisho zilipoondoka wao wawili walibaki. Amnun alikufa wakati wa theluji, na mullo wa Samarkand alikuja kumzika.