Mashine Haikuoshwa

Mashine ya kusaga ilikuwa yake, na jina Mama Mashine alikuwa amelizoea kuliko lile alilopewa na wazazi. Sheria yake ilikuwa moja: ukisaga mahindi mabovu, osha mashine kabla ya mteja mwingine. Kuosha kwenyewe si kwa maji. Unapitisha kopo zima la pumba kavu, zinazoa uchafu, kisha unazitupa. Bwana afya alipokuja kueleza habari za sumukuvu, ile sumu ya mahindi yaliyoota ukungu, inayoharibu ini na kudumaza watoto na wala haifi kwa kuchemshwa, alimsifu Mama Mashine mbele za watu. Basi kichwa kikavimba. Tangu siku ile akawa hakimu wa mahindi ya mtaa mzima.

Hata mkamwana wake hakusalimika. "Mahindi gani haya, mwanangu? Unataka kumlisha mjukuu wangu takataka?" alimwambia siku moja, foleni nzima ikisikia. Mkamwana alirudi nayo nyumbani akayachambua punje kwa punje, machozi yakimlengalenga.

Sasa asubuhi hii mfuga kuku alileta gunia lililonuka uvundo, punje zimeota kijani. "Ya kuku tu, mama. Kuku hawamsikilizi bwana afya." Watu wakacheka, naye akacheka, akasaga. Aliyefuata alikuwa mkamwana, na ndoo ya mahindi meupe, makavu, yaliyochaguliwa vizuri. Foleni ilikuwa inanung'unika, umeme unacheza. Mama Mashine alilitazama kopo la pumba, akaitazama foleni, akamimina mahindi ya mkamwana.

Haikufika mchana moyo ukaanza kumsuta. Majuto ni mjukuu, wahenga walisema, na wake alikuwa ndiyo kwanza ameota meno mawili. Alizima mashine, wateja wakabaki wameduwaa, akaenda mbio na kanga yenye vumbi la unga.

Alimkuta mkamwana jikoni, mtoto mkekani, kikombe cha uji kinapoa kwenye kigoda.

"Karibu mama! Leo umeikumbuka njia?"

Angeweza kusema palepale. Lakini mdomo uliomwaibisha binti wa watu hadharani ulikuwa mzito ajabu kujiaibisha wenyewe. Badala ya kusema, alikichukua kikombe akaunywa uji wote, wa moto vile vile, mpaka koo likamuungua.

Mkamwana akaangua kicheko. "Heh! Kumbe una njaa hivyo, mama? Usijali, sufuria limejaa." Akachota mwingine, akampakata mtoto, akaanza kuupuliza.

"Usimpe," Mama Mashine alisema.

"Kwa nini?"

"Nilisaga ya mfuga kuku kabla yako. Sikuosha mashine. Mahindi yako yalikuwa safi, mwanangu. Uchafu ni wangu."

Mkamwana aliweka kikombe chini. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Alimfuta mtoto mdomo, ingawa mtoto hakuwa ameonja kitu, kisha akamtazama mama mkwe wake usoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Ni leo tu, mama?"

Mama Mashine alifungua mdomo aseme ndiyo. Akazikumbuka asubuhi nyingine, foleni ikiwa ndefu, umeme ukisumbua, na watoto wa watu wengine. Akaufunga.