Baridi ya Babu Kalama

Purity ndiye aliyenitoa nyumbani. Alisema leo mji mzima uko wazi usiku, makumbusho na kumbi zote za sanaa bila kiingilio, na hatukuja Ujerumani kukaa ndani kama kuku anayeatamia. Mimi sanaa hainihusu, tena sikuwa na raha. Kule Kinango baba yangu alikuwa kitandani anatetemeka, jua kali nje, mablanketi tele juu yake, na hospitali hawaoni ugonjwa. Tulikuwa tunampoteza. Mganga alimwambia mama ni babu Kalama, marehemu baba yake baba, anayelalamika kwamba anaona baridi. Nilimjibu mama kwa ukali kwenye simu kuwa Kinango hakuna mtu wala maiti wa kuona baridi.

Mbona nikaenda? Kwa sababu Purity ni mtoto wa Ukunda na neno "hapana" halijui. Tulikuwa na Maxwell, aliyekuwa mpishi wa hoteli Diani. Tukazunguka, tukakuta jokofu bovu limewekwa katikati ya ukumbi, watu wanalitazama kwa heshima zote. Maxwell akauliza kama na lake la chumbani litapokelewa. Nilicheka hadi machozi, nikasahau nyumbani kidogo.

Kisha tukaingia jumba moja la kale, chumba cha mwisho, na humo nikaviona vigango. Ndivyo vile vibao virefu vya kuchongwa ambavyo sisi Waduruma tunawasimamishia wazee waliokufa, wapate kukaa karibu na boma, na havihamishwi kamwe. Hapa vilipangwa ukutani, uchi, bila vitambaa tunavyovifunga kiunoni. Cha katikati kilikuwa na kovu begani. Ami yangu Mwinga alikipiga panga akifyeka nyasi, akatozwa mbuzi, nami nilikuwepo nikitazama. Ndicho cha babu Kalama, kiliibwa nikiwa shule ya msingi.

"Shikamoo, babu," nikasema, kabla sijajijua.

Nikajuta papo hapo. Kigango hakisalimiwi mikono mitupu. Ukimwamsha mzee bila kumpa kitu, umejitakia mwenyewe. Na chumba kilikuwa na baridi isiyo ya kawaida, pumzi yangu ilitoka kama moshi. Purity alikuwa ubavuni mwangu akizungumza, na yake haikuonekana.

Niliogopa, jamani, niliogopa sana. Nikafungua leso yangu shingoni, nikavuka kamba ya kuzuia watu, nikamfunga babu kiunoni. Mti ule uliniuma vidole kwa ubaridi. Maxwell akanisihi nitoke, mlinzi anakuja, tutarudishwa kwetu sote. Nikamwambia anyamaze.

Simu ikalia. Alikuwa mama, analia kwa furaha. Baba ameacha kutetemeka sasa hivi, ametupa mablanketi, ameketi mwenyewe, ameomba uji. Nikamshukuru Mungu kwa sauti, nikamwomba mama ampe baba simu nimsikie.

Kwanza nilisikia pumzi tu. Kisha sauti ikaja, sauti ya baba yangu kabisa, ila ilitamka polepole, Kiduruma cha watu wa zamani.

"Ahsante, mjukuu wangu," ikasema. "Na hawa wenzangu je?"

Nikatazama ule ukuta, kutoka mwanzo hadi mwisho wake. Mlinzi alikuwa ameshafika mlangoni. Nikaanza kuvua koti.