Nyumba Isiyosikia Ng'ombe

Bi Kristina alikuwa amesema ng'o, na yule mama akisema ng'o hata trekta halimvuti. Nyumba mpya ilikamilika tangu Septemba, pale pale Mungaa, hatua chache kutoka kwenye tembe lake la zamani, na hakuwa ameingiza humo hata kigoda.

Na nyumba yenyewe, jamani, ilikuwa nyumba. Magreth, mkwe wake, mjane mwenye ng'ombe kumi na wanane, aliijenga kwa matofali ya udongo wa kichuguu yaliyoshindiliwa kwa mashine, bila kukata mti wa kuyachomea. Maji ya mvua yangetoka kwenye bati yakaingia kwenye tangi chini ya ardhi. Samadi ilikwenda shimoni ikarudi jikoni ikiwa gesi. Malisho nayo aliyagawa mara nne, ng'ombe wanakula upande mmoja, pande tatu zinapumzika. Watu walikuwa wanatoka Ikungi kuja kushangaa tu.

Lakini aliyejengewa ndiye aliyekataa. Tembe lake lilikuwa limechoka, nguzo zimeliwa na mchwa na paa la udongo limebonyea katikati. Fundi Gaspari alilizunguka akasema wazi kwamba halitavuka mvua za kwanza. Magreth alibembeleza, akatuma hadi padri, wapi! Majirani wakaanza kusema sikio la kufa halisikii dawa. Maneno hayo yalimchoma Magreth, kwa sababu huyo waliyekuwa wanamtabiria kifo ndiye aliyemshika mkono siku zote tangu alipofiwa na mume.

Siku moja uvumilivu ukamwishia.

"Mama, hii nyumba ina kasoro gani?"

"Haina kasoro. Ila nikilala humo sitawasikia."

Alimaanisha ng'ombe. Maisha yake yote Bi Kristina alilala ndani ya tembe, na ndama wako upande wa pili wa ukuta wa fito. Ndama akikohoa au fisi akinusa mlango, yeye ndiye wa kwanza kujua. Sasa Magreth alifuata mchoro, akaweka zizi hatua sitini kutoka nyumbani, eti kwa sababu ya nzi.

Loh, aibu ilimshika. Alikuwa amemuuliza fundi, akamuuliza daktari wa mifugo, hata muuza bati alimuuliza, mama mwenyewe hakumuuliza. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wiki ile ile Gaspari akarudi, akajenga chumba cha ndama kikiegemea ukuta wa chumba cha mama, na dirisha la wavu katikati. Sakafu aliiinamisha kidogo ili uchafu uteremke wenyewe kwenye shimo la gesi. Bi Kristina akaja, akapapasa ukuta, akarudi kwenye tembe lake. Magreth alitamani kulia kwa hasira.

Jumanne asubuhi Magreth aliwahamishia ndama kwenye chumba chao, akaondoka na ng'ombe wakubwa kwenda josho. Alikuwa bado anasubiri zamu mvua ilipoanguka, mvua kubwa ya kwanza ya mwaka. Akamwachia jirani ng'ombe, akakimbia.

Alipofika, tembe lilikuwa chini. Paa lote limelala juu ya kitanda cha mama. Akapiga magoti akaanza kufukua kwa mikono, akiita, "Mama! Mama!"

"Unatafuta nini huko?"

Sauti ilitoka nyuma yake. Bi Kristina alikuwa amesimama mlangoni mwa nyumba mpya, mkavu, kitenge begani.

Magreth akakaa pale pale kwenye tope, akicheka na kulia kwa pamoja, akimshukuru Mungu kwa Kinyaturu na Kiswahili. Halafu akauliza amehamia lini.

"Ndama walipohamia," mama akasema. "Ningebaki kule kwenye tembe peke yangu?"

Kisha akaliangalia tembe lake, matone yakiteremka kwenye udongo wake.

"Acha kulilia udongo, mwanangu. Mvua ikikatika tutafyatua nao matofali ya chumba cha mbuzi."