Chumba cha Uani kwa Bi Malekbanu

Mwamvua hakutaka kitanda tu. Vitanda hata kwao Mbwera vipo. Alitaka chumba kizuri cha bei ya mfuko wao, mjini Kibiti, siku mbili, yeye na mumewe Haidari, basi. Msimcheke. Wao wanaishi kwa mama mkwe, nyumba ambayo ukikohoa chumba hiki unapewa pole chumba kile. Na tangu wamzike mtoto wao wa pekee, Nasra, Haidari hakumtaja tena hata siku moja. Zamani alimwita mkewe Mama Nasra kutwa kucha. Siku hizi anamwita "wee", tena anatazama pembeni. Mwamvua alitaka wapate mahali wamlilie mtoto wao pamoja, pasipo na sikio la mtu. Hakuwa na haja nyingine.

Walivuka kwa boti hadi Nyamisati, wakapanda gari mpaka Kibiti, na hapo msako ukaanza. Gesti ya kwanza ilikuwa juu ya baa, muziki unatikisa milango. Ya pili shuka zina mabaka, na mhudumu hana hata haya, anawauliza wanakitaka chumba kwa saa ngapi. Mke wa mtu, na baibui lake! Haidari alifuata nyuma na begi tu.

Mwisho wakaelekezwa kwa Bi Malekbanu, mjane wa Kihindi mwenye duka la vitenge na vyumba vichache uani. Chumba chenyewe kilikuwa na chandarua cheupe, sakafu imepigwa deki inang'aa, na dirisha linatazama mti wa asumini. Mwamvua akaomba apunguziwe. Bi Malekbanu akamtazama usoni, akapunguza bila maneno mengi.

"Mke na mume wakija kupumzika, mimi siwakamui," alisema.

Mwamvua aliketi ukingoni mwa kitanda, roho ikamtulia. Maskini, alifurahi kweli.

"Hapa tutazungumza," alimwambia mumewe.

"Ngoja nikanunue maji," akasema Haidari, akatoka.

Hakurudi na maji, alirudi na Shamsia. Huyo ni dada yake mkubwa, ameolewa hapo hapo Kibiti, na mdomo wake hauna pazia. Alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Wifi, kwani mimi nimekufa? Ndugu yangu alale gesti na nyumba ninayo? Mnataka watu waniseme?"

Na kwa watu wetu hilo si dogo. Ukiipita nyumba ya ndugu ukaenda kulala kwa kulipa, umemvua nguo mbele za watu. Mwamvua alilijua hilo, ndiyo maana safari hii hakumwambia mtu. Akamtazama Haidari, angalau amsemee neno moja. Haidari alikwisha kulishika begi.

Kwa Shamsia nyumba ilikuwa imejaa pomoni. Wanawake na watoto wanalala chumbani, wanaume sebuleni. Mwamvua akaonyeshwa mkeka wake, kisha akapewa mbuzi akune nazi ya wali. Akakuna, machozi yanamlengalenga.

"Usinune, wifi," alisema Shamsia, huku anapepeta mchele. "Tena usidhani nimewavumbua kwa bahati. Haidari alinipigia simu mngali Mbwera. Kaniambia, dada, tukifika njoo utuchukue. Tukikaa peke yetu mke wangu ataanza habari za mtoto, nami sitakuwa na pa kukimbilia."

Alisema hivyo kwa wema, kumtuliza. Mwamvua aliendelea kukuna, na kutoka sebuleni akamsikia Haidari akicheka na shemeji yake. Alimchukia wakati ule, akamchukia hasa. Lakini uchungu wenyewe ulikuwa wa Nasra: mtoto yuko kaburini, na huku duniani amebakiwa na mzazi mmoja tu wa kumlilia.